PhD ya elimu na sayansi ya ujifunzaji: njia ya mwalimu kutoka swali hadi utetezi

Pita kwenye rafu za tasnifu za elimu katika maktaba ya chuo kikuu chochote hapa Afrika Mashariki, usome migongo tu. "Mtazamo wa walimu kuhusu..." "Changamoto zinazowakabili wakuu wa shule katika..." "Mchango wa kamati za shule..." Nyingi zimefanywa kwa hojaji: watu wameulizwa wanaonaje, majibu yakageuzwa asilimia. Ni kazi halali. Lakini ukimtafuta ndani yake mtoto anayejifunza, yaani ambaye mwezi uliopita alikuwa hajui jambo na sasa analijua, mara nyingi humkuti.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mkufunzi wa chuo cha ualimu au mthibiti ubora wa shule mwenye uzamili tayari, anayetaka PhD itakayomtafuta mtoto huyo. Nimemfikiria zaidi mtu wa Tanzania. Wa Kenya au Uganda abadilishe majina ya ofisi, mengine yote atayakuta yaleyale.

Hatua ya 1: Hakikisha ni PhD unayoitaka

PhD ni mafunzo ya kuwa mtafiti. Kama lengo ni kuwa mhadhiri, kuongoza kitengo cha utafiti au kufanya kazi na taasisi zinazopima elimu, basi ndiyo. Kama lengo ni ukuu wa shule au uafisa elimu, miaka hiyo utaitumia vizuri zaidi mahali pengine, na mshahara hautapanda kwa kiasi unachokifikiria.

Kuna pia EdD, shahada ya uzamivu inayolenga watendaji wa elimu. Harvard ndiyo iliyoitoa kwa mara ya kwanza, mwaka 1921, na chuo hichohicho baadaye kikaiacha kikahamia PhD. Uingereza bado ipo kwa wingi, na huwafaa watu walio kazini. Kabla ya kuichagua, muulize mwajiri wako kama anaitambua sawa na PhD. Usiulize chuo kinachoiuza.

Hatua ya 2: Acha mada, tafuta swali

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, hata miezi kadhaa, kabla hujajaza fomu yoyote.

Watu wengi huja na mada: "matumizi ya Kiingereza kufundishia sayansi", "elimu jumuishi", "mtaala unaojenga umahiri". Mada haina jibu, kwa hiyo haina mwisho. Swali lina jibu ambalo linaweza kukukatalia. Kipimo changu ni hiki: je, kuna matokeo ambayo yakitokea utalazimika kusema "nilidhani hivi, kumbe sivyo"? Kama hakuna, bado huna swali.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho. Mwalimu wa Biolojia wa sekondari ya kata huko Morogoro amechoshwa na jambo moja: anafundisha seli, wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaitikia vizuri, wiki tatu baadaye ukiuliza ni kimya. Mada yake ya kwanza ni ile ya kawaida: "Changamoto za ufundishaji na ujifunzaji wa Biolojia kwa lugha ya Kiingereza." Akienda nayo hivyo, atagawa hojaji, na walimu watamwambia kuwa vitabu havitoshi, madarasa yamejaa na Kiingereza ni tatizo. Yote hayo aliyajua kabla hajaanza.

Sasa amrudie mwanafunzi. Kimya kile kinatokana na nini? Kuna uwezekano zaidi ya mmoja. Huenda hakuelewa siku ileile ya kwanza. Huenda alielewa, lakini hajawahi kutakiwa kukumbuka hadi siku ya mtihani, ikapotea. Huenda anakumbuka ila hana Kiingereza cha kulisemea. Haya ni mambo matatu tofauti na kila moja lina dawa yake. Ukiyatenganisha tu, swali linaanza kujitokeza:

Je, wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaoanza kipindi kwa dakika tano za kuandika, madaftari ya zamani yamefungwa, kile wanachokikumbuka kutoka kipindi kilichopita, watakumbuka zaidi baada ya wiki sita kuliko wale wanaotumia dakika tano hizohizo kusoma muhtasari ubaoni? Na je, inaleta tofauti wakiruhusiwa kukumbuka kwa Kiswahili?

Swali hilo linapimika. Linaweza kukukatalia. Halihitaji kompyuta wala mradi wa wafadhili ili mwalimu wa kijijini alitumie. Na lina mizizi katika elimu iliyokwishajengwa, jambo linalotupeleka hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Soma kabla ya kuomba

Sayansi ya ujifunzaji ni mkusanyiko wa fani: saikolojia ya kumbukumbu, lugha, ukuaji wa mtoto, takwimu, na siku hizi uchunguzi wa ubongo. Kama jina la programu maalumu ina asili Marekani. Chuo cha Northwestern kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo, karibu mwaka 1990. Lakini maswali yake ni ya zamani zaidi. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alichapisha mwaka 1885 vipimo vya jinsi binadamu anavyosahau, akijipima yeye mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Baadhi wakavisoma tena, wengine wakatakiwa kuandika walichokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, wenzao 42.

Matokeo haya yamerudiwa mara nyingi, zaidi katika vyuo vya nchi tajiri, kwa watu wanaosoma kwa lugha wanayoimudu. Mwalimu wetu wa Morogoro anauliza kama yanasimama katika darasa la wanafunzi tisini, kwa lugha ambayo nusu yao hawaijui. Hilo ndilo pengo lake. Pengo la kitaaluma haliwi "hakuna utafiti uliofanyika wilayani kwetu." Wilaya peke yake haitoshi kuwa pengo, lazima ueleze kwa nini jambo lingeweza kwenda tofauti huko.

Na usidhani lazima uanzie ng'ambo. Robert Sternberg na wenzake walifanya Bagamoyo kazi iliyochapishwa mwaka 2002: walipima watoto wa shule kwa mitihani ya kufikiri, wakawapa mafunzo mafupi, wakawapima tena. Alama zilipanda, na zile za mara ya pili ndizo zilizoendana vizuri zaidi na vipimo vingine vya uwezo wa mtoto. Maana yake, mtihani wa mara moja unamdhulumu mtoto ambaye hajazoea mitihani. Mwaka mmoja kabla, kundi hilo lilichapisha utafiti wa kijijini Kenya, karibu na Kisumu, ulioonyesha kuwa watoto waliojua sana dawa za mitishamba hawakuwa ndio waliofanya vizuri katika mitihani ya msamiati wa kishule. Uhusiano ulielekea kinyume. Kuna pia mradi wa LOITASA ulioanza 2002 ukiunganisha Oslo, Dar es Salaam na Western Cape kuhusu lugha ya kufundishia. Kuna vipimo vya Uwezo vya kusoma na kuhesabu, vilivyoanza 2009 kwa kuwafuata watoto majumbani badala ya shuleni. Na kuna KiuFunza, jaribio la shule 350 za msingi Tanzania lililochapishwa 2019: fedha za ruzuku peke yake hazikuinua alama za watoto, lakini zilipounganishwa na motisha kwa walimu, ziliinua.

Kama huna nywila ya maktaba ya chuo, anza na ERIC na African Journals Online, hazina za makala mtandaoni ambazo hutafuti humo kwa malipo. Taasisi nyingi za Tanzania na Uganda hupata majarida ya kulipia kupitia Research4Life. Nenda kwa mkutubi umuulize, atafurahi kuulizwa. Weka marejeo yako kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, tangu siku ya kwanza. Anayeanza kukusanya marejeo wiki ya mwisho hujuta.

Hatua ya 4: Mtu kwanza, chuo baadaye

Kwa PhD, msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo. Tafuta waliochapisha kitu kinachokaribia swali lako katika miaka mitano iliyopita. Andika majina kumi. Kisha tafuta wanafunzi wao wa sasa na wa zamani, uwaulize mambo matatu: sura ya tasnifu huirudisha baada ya muda gani, mwanafunzi wake wa mwisho kuhitimu alihitimu lini, na ana wanafunzi wangapi kwa sasa. Profesa maarufu mwenye wanafunzi kumi na wanne na safari kila mwezi atakupa barua nzuri ya utambulisho, lakini sura zako zitalala kwake miezi minne. Mhadhiri mwandamizi mwenye wanafunzi wawili na hamu ya kazi mara nyingi ni chaguo bora.

Ukimwandikia mara ya kwanza, tumia barua pepe, siyo WhatsApp. "Shikamoo Profesa" kwenye simu ina mahali pake, mkishafahamiana. Barua iwe fupi: wewe ni nani kwa sentensi moja, swali lako kwa sentensi mbili, makala yake gani umeisoma na inagusa wapi swali lako, na ombi moja tu. Kitu kama hiki:

"Mimi ni mwalimu wa Biolojia, nina uzamili wa elimu. Nataka kuchunguza kama zoezi fupi la kukumbuka mwanzoni mwa kipindi huwasaidia wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaojifunza kwa Kiingereza wasichokimudu. Katika makala yako ya upimaji wa wasomaji wa lugha mbili ulihoji kama mtihani unapima maarifa au lugha. Nami nakwama hapohapo. Nimeambatisha kurasa mbili. Je, unapokea wanafunzi wapya mwaka ujao?"

Usiandike "nitafurahi kufanya mada yoyote utakayonipa." Unaweza kudhani ni unyenyekevu, yeye ataisoma kama mtu asiye na swali.

Kuhusu aina za vyuo, nyumbani kuna njia mbili: ya tasnifu pekee, na ya kozi pamoja na tasnifu. Kwa aliyetoka kwenye uzamili uliokuwa na takwimu kidogo, namshauri ya pili bila kusita, hata kama inarefusha muda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma vina watu wa elimu wa kutosha. Chuo Kikuu Huria kinamruhusu mtu kusoma akiwa kazini, ila uhuru huo unadai nidhamu. Humo ndimo mtu anaweza kupotea miaka sita bila mtu kumuuliza. Kenya, angalia Kenyatta na Moi.

Nje, fahamu tofauti za mifumo. Uingereza unaingia na andiko lako na unatarajiwa kumaliza kwa miaka mitatu hadi minne. Marekani unaanza na kozi, kwa kawaida miaka mitano au zaidi, lakini vyuo vikubwa kama Stanford, Vanderbilt na Northwestern hulipa ada na posho kwa wanaowachukua, na baadhi ya vyuo humpokea hata mwenye shahada ya kwanza pekee. Maombi yao mengi hufungwa Desemba, kwa hiyo anayeanza kufikiria Novemba amechelewa. Norway, Sweden na Uholanzi PhD kwa kawaida ni ajira yenye mshahara: nafasi inatangazwa kama kazi, na unaomba kama kazi. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya PhD, lakini lazima upate msimamizi mwenyewe kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 5: Fedha

Vyanzo vya kuangalia kwanza: DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ambalo lina ufadhili wa kusoma hapahapa Afrika na siyo Ujerumani tu, Commonwealth ya Uingereza, yenye PhD kamili na pia ile ya kugawanya, ambapo umesajiliwa nyumbani na unakaa Uingereza kwa muda, Fulbright kwa Marekani, na kama tayari ni mhadhiri msaidizi, mpango wa kusomesha watumishi wa chuo chako. Soma masharti ya fani kwa makini. Baadhi ya ufadhili mkubwa kwa wanawake wanasayansi, kama ule wa OWSD, unalenga sayansi asilia na teknolojia. Elimu haimo, hata uipambe jina la sayansi.

Mtumishi wa umma aanze mapema kushughulikia ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake, na jina lake liwe kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi. Kuondoka kwanza na kuomba ruhusa baadaye ni njia ya kufungiwa mshahara.

Katika bajeti, watu hukumbuka ada na kusahau shamba. Nauli za kufika shule moja mara nne, posho za wasaidizi wa utafiti, uchapishaji wa mitihani, bando, soda na maji siku ya mafunzo ya walimu: hivyo ndivyo vinavyomaliza fedha.

Hatua ya 6: Andiko la utafiti, na hesabu ambayo wengi huikwepa

Muundo wa andiko utaupata kwenye kitabu cha taratibu cha chuo chako; ufuate hata pale usipoupenda. Mimi nizungumzie sampuli, kwa sababu hapo ndipo tafiti nyingi za darasani hufia.

Mwalimu wetu anapanga shule 20, wanafunzi 40 kila shule. Jumla 800. Anajisikia tajiri. Lakini wanafunzi wa shule moja hufanana: mwalimu mmoja, kitabu kimoja, mwalimu akiugua wiki mbili wote wamekosa. Ukishampima wa kwanza, wa arobaini hakuletei habari mpya kwa kiwango ulichokipata kwa wa kwanza. Watakwimu wana kipimo cha kufanana huko, kati ya 0 na 1; kwa alama za shule, 0.2 ni makisio ya busara kuanzia. Hesabu yake: chukua idadi ya wanafunzi kwa shule, toa moja, zidisha kwa 0.2, jumlisha moja. Hapa ni 39 mara 0.2, ambayo ni 7.8, jumlisha 1 unapata 8.8. Gawa 800 kwa 8.8. Wanafunzi wake 800 wana nguvu ya wanafunzi kama 91 tu.

Sasa abadilishe: shule 40, wanafunzi 20 kila shule. Jumla ni ileile 800. Lakini 19 mara 0.2 ni 3.8, jumlisha 1 ni 4.8, 800 gawa kwa 4.8 ni kama 167. Karibu maradufu, bila kuongeza mwanafunzi hata mmoja. Nauli ndiyo imeongezeka, na kila mwanafunzi wa PhD atalazimika kupatana na nauli kwa namna yake. Kanuni: ukibanwa, ongeza shule, punguza wanafunzi kwa kila shule.

Hesabu hiyohiyo inatoa uamuzi mwingine mgumu. Swali lake lina sehemu mbili, yaani kukumbuka na lugha, kwa hiyo anahitaji makundi matatu: wanaosoma muhtasari, wanaokumbuka kwa Kiingereza, wanaokumbuka kwa Kiswahili. Shule 20 kwa makundi matatu ni sita au saba kila kundi. Ni chache mno. Ama apate shule zaidi, ama aache sehemu ya lugha kwa utafiti mdogo wa pembeni, wa mazungumzo na kuketi darasani katika shule nne. Mimi ningeacha. Kamati nayo huheshimu zaidi anayekata kuliko anayebeba kila kitu.

Pangia makundi shule nzima kwa bahati nasibu, siyo mkondo A na mkondo B wa shule moja. Walimu hukaa ofisi moja, hunywa chai pamoja. Mbinu itavuka ukuta wiki ya kwanza. Na shule za kundi linganishi, yaani zile zinazosoma muhtasari tu, ziahidiwe mafunzo yaleyale utafiti ukiisha. Ni haki yao, na ndilo jambo litakalomfanya mkuu wa shule aendelee kukupokea mara ya tatu.

Hatua ya 7: Vibali

Kwa Mtanzania aliyesajiliwa nyumbani, mlolongo wa kawaida unaanza na barua ya chuo, unapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, unashuka wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, unafika kwa afisa elimu, na kuishia kwa mkuu wa shule. Kila ofisi huzaa barua na nakala. Tembea na nakala za kutosha na uende mwenyewe. Barua iliyotumwa bila mtu nyuma yake hukaa kwenye trei. Zanzibar ina ofisi zake, usiende na kibali cha Bara ukadhani kitatosha. Raia wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Mtanzania aliyesajiliwa chuo cha nje aulizie huko mapema na kutafuta chuo cha ndani cha kumpokea kama mtafiti mshirika. Kenya kila mtafiti, mwenyeji au mgeni, huchukua leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya nchi hiyo. Ukigusa afya ya mtoto, mathalani kupima damu kwa ajili ya malaria au minyoo, Tanzania umeingia eneo la NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na muda wako wa kusubiri umebadilika kabisa.

Ridhaa ni jambo jingine, na mkuu wa shule hawezi kuitoa kwa niaba ya wazazi. Mzazi anakubali kwa maandishi, au kwa dole gumba mbele ya shahidi, kisha mtoto mwenyewe anaulizwa. Fomu iwe ya Kiswahili cha kawaida, siyo tafsiri ya fomu ya chuo. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022 Tanzania na ya 2019 Kenya: majina ya watoto na alama zao visikae kwenye faili moja la simu yako.

Hatua ya 8: Shuleni

Kalenda ndiyo bosi. Januari wanafunzi wa kidato cha kwanza bado wanaripoti kidogo kidogo, wengine hadi Machi, kwa hiyo kipimo cha mwanzo ukifanya wiki ya pili utakuwa umepima waliowahi tu. Septemba shule za msingi zina mtihani wa darasa la saba. Novemba sekondari zimeshikwa na kidato cha nne na cha pili. Wiki sita tulivu ni chache kuliko zinavyoonekana kwenye ukuta.

Jaribu vifaa vyako katika shule ambazo hazimo kwenye sampuli. Hapo ndipo utakutana na karatasi kama hii: swali linauliza kazi ya kloroplasti, mtoto ameandika "Inatengeneza chakula kwa kutumia sunlight." Anajua. Je, unampa alama? Ukimpa, unapima Biolojia. Ukimnyima, unapima Kiingereza. Vyovyote utakavyoamua, amua kabla ya kusahihisha karatasi ya kwanza, andika uamuzi huo kwenye mwongozo wa usahihishaji, na wasahihishaji wawili wasahihishe sehemu ya karatasi zilezile bila kuonana wala kujua shule iko kundi gani. Wakitofautiana sana, tatizo ni mwongozo, siyo wao.

Kwa anayechunguza usomaji wa madarasa ya chini, utaratibu ni wa mtoto mmoja mmoja. Kipimo cha EGRA, kinachotumika nchi nyingi tangu miaka ya 2000, kina sehemu ambapo mtoto hupewa sekunde 60 kusoma maneno ya kubuni, mfano "gapilo" au "tebumu". Kwa kuwa hana namna ya kuyakariri, ndipo unapoona kama anaunganisha herufi au anakumbuka picha ya ukurasa. Mketishe nje ya darasa, kivulini, mbali na wenzake wanaosikiliza, vinginevyo mtoto wa kumi atakuwa ameshayasikia yote.

Tembelea madarasa wakati mbinu inatumika, bila kutoa taarifa siku ileile. Mwalimu aliyefundishwa zoezi la kukumbuka mara nyingi hulifanya siku tatu, kisha huwaruhusu wanafunzi wafungue madaftari "wapate msaada kidogo", na tayari ni kundi linganishi. Usimgombeze. Andika kilichotokea, kiwango cha mbinu kutekelezwa ni sehemu ya matokeo yako, na pengine ndiyo sehemu yenye thamani zaidi kwa wizara. Takwimu ingiza kwa KoboToolbox au programu nyingine ya kukusanyia takwimu jioni ileile, nakala ya pili ihifadhiwe mahali pengine kabla hujalala.

Hatua ya 9: Kuandika, kuchapisha, kutetea

Andika sura ya mbinu ungali shuleni, kumbukumbu zikiwa mbichi. Sura ya utangulizi iandike mwisho. Kwa uchambuzi, programu za takwimu za R na jamovi ni bure. Chambua kwa namna inayotambua kuwa wanafunzi wamo ndani ya shule, la sivyo ile hesabu ya hatua ya 6 itakurudia mkononi mwa mtahini wa nje.

Kenya, viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya 2014 vilimtaka mwanafunzi wa PhD awe na makala mbili katika majarida yenye mapitio. Tanzania kila chuo kina taratibu zake, soma za kwako mwaka wa kwanza. Jihadhari na majarida yanayokutumia barua pepe ya sifa na kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipia. Jarida halali litakukosoa kabla ya kukukubali. Kwa makala ya kwanza, *Papers in Education and Development* la Dar es Salaam ni mahali pa kuanzia pasipo na aibu yoyote.

Kwenye utetezi, jopo huuliza zaidi mipaka ya kazi yako kuliko matokeo. Andaa majibu ya mambo manne: kwa nini shule hizi, nani alitoroka katikati na alifanana vipi na waliobaki, mbinu ilitekelezwa kwa kiasi gani, na ungefanya nini tofauti kama ungekuwa na shule mara mbili. Kama matokeo yamekataa dhana yako, sema hivyo kwenye sentensi ya kwanza ya wasilisho na usiyatafutie udhuru.

Utapewa marekebisho, karibu kila mtu hupewa. Yapange kwenye jedwali lenye safu tatu, hoja ya mtahini, ulichofanya, ukurasa, na uyamalize kabla hujarudi kazini kikamilifu, kwa sababu baada ya hapo ratiba ya vipindi itakumeza. Aliyesoma nje apeleke vyeti vyake TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kutambuliwa mara tu anapovipata. Kisha rudi kwenye shule za kundi linganishi na mafunzo uliyoahidi, na umpelekee kila mkuu wa shule ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye matokeo ya shule yake.